Tujenge Wapi? Nyumba ya Kando ya Ziwa

Tufikirie bwana na bibi mmoja wa Luchelele. Luchelele ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, mkoani Mwanza. Iko kando ya Ziwa Victoria. Bwana ni mvuvi. Bibi anaanika na kuuza dagaa. Wamekaa katika nyumba ya kupanga miaka mingi. Sasa wamepata fedha za kununua kiwanja kimoja, na fedha hizo hazitapatikana tena upesi.

Wameonyeshwa viwanja viwili. Cha kwanza kiko chini, karibu na ufuko. Ni tambarare na bei yake ni nafuu. Cha pili kiko mlimani, katikati ya mawe.

Bwana anakipenda cha chini.

"Mama watoto, hapa nitauona mtumbwi wangu nikiwa barazani," anasema. "Tena tofali hatutazipandisha mlima."

Bibi hakujibu. Jioni alikwenda kwa mzee jirani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu."

Bibi alimweleza habari za kiwanja cha chini. Mzee alicheka kidogo. "Pale penye mkuyu? Mwaka 2024 tulifunga mitumbwi kwenye ule mkuyu."

Kesho yake bwana alikwenda kuutazama mkuyu. Kutoka kwenye maji mpaka kwenye mkuyu ni mita 70. Ardhi ni kavu, na mtu amepanda mihogo. Bwana alirudi akisema kwamba mzee amezeeka.

Je, mzee amesema uongo? Hapana. Tuone kwa nini.

Ziwa Victoria ni kubwa sana. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 68,800. Maji yake mengi hayaletwi na mito. Ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Maji hayo huondoka kwa njia mbili. Mengi hukauka kwa jua na kuwa mvuke. Mengine hutoka kwa mlango mmoja tu, Mto Naili, pale Jinja nchini Uganda. Mvua ikizidi, mlango huo mmoja hauwezi kuyatoa maji yote upesi. Basi ziwa hupanda. Nalo likipanda, huchukua miezi au miaka kushuka.

Mvua za mwaka wa Uhuru, 1961, zilikuwa kubwa mno. Kuanzia mwaka huo hadi 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2. Kwenye kipimo cha Jinja maji yalifika alama ya mita 13.41. (Hicho si kina cha ziwa. Ni alama kwenye mti wa kupimia, kama alama za rula.) Baadaye ziwa lilishuka kidogo kidogo. Mwaka 2005 na 2006 lilishuka sana. Ufuko ukawa mpana. Watu wengi walilima pale maji yalipoondoka. Wengine walijenga.

Mwishoni mwa mwaka 2019 Bahari ya Hindi, upande wetu wa Afrika Mashariki, ilikuwa na joto kuliko kawaida. Bahari yenye joto hutoa mvuke mwingi, na mvuke huo huleta mvua. Mvua ikanyesha miezi mingi mfululizo. Mei 2020 maji ya Jinja yalifika mita 13.42. Yaliipita alama ya 1964 kwa sentimita 1 tu. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, kipande cha ardhi yenye majani kilichokuwa kikielea juu ya ziwa kilisukumwa na maji mpaka kwenye bwawa la umeme la Jinja. Umeme ulikatika Uganda nzima. Mwaka 2024 ziwa lilipanda tena na kuzipita alama zote mbili.

Wataalamu wanasema kwamba dunia inazidi kupata joto, na kwamba mvua kubwa za namna hii zinaweza kuja mara nyingi zaidi. Kwa hiyo tusijenge kwa kutazama maji ya leo. Tutazame alama ya juu kabisa ambayo maji yamewahi kufika. Alama hiyo waulize wazee. Mara nyingi utaiona pia kwenye mawe ya ufukoni, kwa rangi yake.

Lakini jicho hudanganya. Ardhi ya ufukoni huonekana imepanda, kumbe haikupanda. Fundi hutumia mpira wa maji. Nawe unaweza kuutumia.

Tafuta mpira mweupe unaoonyesha maji ndani, wenye urefu wa mita 15. Ujaze maji. Toa mapovu yote, kwa maana povu moja tu huharibu kipimo. Tafuta pia miti miwili iliyonyooka, uiandike sentimita kuanzia chini. Mtu wa kwanza asimamishe mti wake mahali maji ya ziwa yanapoishia. Mtu wa pili aende mita 10 kuelekea kiwanjani, asimamishe wake. Kila mmoja ashike ncha ya mpira kwenye mti wake. Maji ya ncha zote mbili husimama usawa mmoja. Mtu wa kwanza akisoma sentimita 100 na wa pili akisoma 90, ardhi imepanda sentimita 10. Kisha mtu wa kwanza ahamie pale aliposimama wa pili, na wa pili asogee mbele mita 10 nyingine.

Bibi alimshawishi bwana wapime. Walipima mara 7 mpaka kwenye mkuyu. Walipata 10, 8, 5, 12, 6, 9 na 5. Jumla ni sentimita 55. Mita 70 zote zile, na ardhi imepanda sentimita 55 tu!

Mzee akawaonyesha alama ya mwaka 2024 kwenye jiwe. Ilikuwa juu ya maji ya siku ile kwa sentimita 75. Toa 55, zinabaki 20. Maana yake, maji yakirudi pale, nyumba itakuwa na maji karibu shubiri moja sebuleni. Shubiri moja ni ndogo, lakini inatosha kulowesha magunia ya dagaa, kulainisha ukuta wa udongo na kujaza shimo la choo. Kinyesi kikitoka chooni huingia ziwani, na sisi tunachota maji humo humo. Hivyo ndivyo kipindupindu kinavyoanza.

Bwana alisema, "Lakini sheria imetaja mita 60. Sisi tuko mita 70." Ni kweli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani au mtoni. Sheria hiyo inalinda ziwa na kingo zake. Ni lazima tuifuate. Lakini mita 60 hupimwa kwa kwenda mbele, na mafuriko huja kwa kwenda juu. Mahali pa tambarare mita 60 hazitoshi kulinda nyumba.

Basi wapande mlimani? Mlima nao una taabu zake. Mwanza huitwa jiji la miamba. Katika milima ya Igogo, Mabatini na Isamilo, nyumba zimekaa juu ya mawe na kati ya mawe. Jiwe halinywi maji. Mvua ikinyesha, maji yote hushuka kwa kasi. Mengine hukusanyika katika Mto Mirongo unaopita katikati ya mji, na watu wa kando ya mto huo wanayajua mafuriko yake. Aliye juu bila mtaro humtia maji aliye chini.

Kwanza, tazama mawe yaliyo juu ya kiwanja. Jiwe kubwa lililozama ardhini miaka yote halina neno. Bali mtu akichimba udongo chini yake, au akivunja kokoto pembeni yake, analiondolea egemeo. Siku ya mvua kubwa linaweza kushuka. Usichimbe chini ya jiwe, hata kama jirani amefanya hivyo na bado mzima.

Pili, chimba mtaro wa kukinga maji juu ya nyumba, uyapeleke pembeni mpaka kwenye mfereji wa wote. Jambo hili zungumzeni na majirani na mwenyekiti wa mtaa, maana mtaro unaoishia mlangoni kwa mwenzako ni ugomvi. Ukijenga ukuta wa kuzuia udongo, uachie matundu ya kutolea maji. Ukuta usio na matundu husukumwa na maji yaliyo nyuma yake mpaka uanguke.

Tatu, msingi wote ukae juu ya mwamba, au wote ukae juu ya udongo mgumu. Nusu ikikaa kwenye jiwe na nusu kwenye kifusi, upande wa kifusi utazama na ukuta utapasuka.

Juu ya madirisha uzungushe mkanda wa zege wenye nondo, ushike kuta zote nne. Wengi huuacha ili kupunguza gharama. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilipiga Bukoba, ng'ambo ya ziwa letu. Watu wasiopungua 16 walikufa. Nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za tofali zilizoungwa kwa udongo, bila mkanda. Kwa hiyo afadhali nyumba ya vyumba viwili yenye mkanda kuliko ya vyumba vinne isiyo nao.

Paa lifungwe. Upepo wa ziwani huingia chini ya bati na kulinyanyua. Acha waya mnene ndani ya ukuta, kozi tatu chini ya kenchi, kisha ufunge kenchi kwa waya huo. Paa la baraza litengwe na paa la nyumba. Upepo ukichukua la baraza, lile kubwa litabaki.

Bwana na bibi walinunua kiwanja cha mlimani. Fedha zilizobaki zilitosha msingi na mtaro tu, kwa hiyo bado wamepanga. Kiwanja cha chini kimechukuliwa na mtu mwingine. Bibi amemwendea na kumwazima ule mpira.

MASWALI

1. Kwa nini bwana alidhani mzee amezeeka?
2. Mlipima mara 5 mkapata 20, 15, 8, 22 na 10. Ardhi imepanda sentimita ngapi? Alama ya juu ya maji ikiwa sentimita 90, mahali hapo panafaa kujenga?
3. Katika mtaa wenu, maji ya mvua yanapita wapi? Nani amejenga katika njia hiyo, na mtazungumza naye namna gani?