Picha isiyo na "eti": usimulizi katika Scott Pilgrim

Katika somo la usimulizi tumezoea kuuliza: nani anasema, na nani anaona? Makala haya yanaliuliza swali hilo kuhusu hadithi ya katuni, Scott Pilgrim ya Bryan Lee O'Malley wa Kanada, iliyochapishwa na Oni Press, kampuni ndogo ya Marekani, katika juzuu 6 toka 2004 hadi 2010.

Kisa kinachekesha. Scott ni kijana wa Toronto mwenye miaka 23. Hana kazi, anapiga gitaa la besi katika bendi isiyojulikana. Ili aishi na Ramona anayempenda, lazima awashinde wapenzi 7 wa zamani wa msichana huyo, na mapigano yao ni kama mchezo wa video: adui akishindwa, sarafu zinamwagika. Istiari hapa haitamkwi, inachorwa. Mapenzi yaliyopita yanakuja mlangoni na ngumi. Wasomaji wengi husifu jambo hilo, na wana haki, lakini naona wanaishia nusu ya njia.

Juzuu ya 2 inaanza na kumbukumbu za shule. Kim, mpenzi wa Scott wakati ule, ametekwa na mvulana aitwaye Simon Lee. Scott anapigana na umati wa wanafunzi mpaka anamwokoa. Tunaamini. Kwa nini tusiamini, na tumeona kwa macho? Katika juzuu ya 6, Kim, ambaye sasa ni rafiki tu, anamsahihisha: hapakuwa na ushujaa wowote, Scott alimpiga Simon, basi.

Msimulizi wa Kiswahili angekuwa na neno "eti" la kututahadharisha kwamba anatuletea madai ya mtu mwingine. Picha haina "eti". Kinachochorwa tunakipokea kama kilichotokea, na mwandishi anautumia udhaifu wetu huo kwa vitabu vinne kabla Kim hajafungua kinywa.

Ndiyo maana urafiki una uzito kuliko vita vyote 7. Katika juzuu ya 4, Scott anamwambia Ramona kwamba anampenda, na upanga unatoka kifuani mwake. Hautoshi. Katika juzuu ya 6 anapata mwingine, upanga wa kuelewa, baada ya Kim kumzuia asikimbie kivuli chake mwenyewe, yaani makosa aliyojisahaulisha.

Nilipomaliza nilirudi juzuu ya 2. Michoro ni ileile, lakini safari hii nilimtazama Kim.