Visima vya Hanang na Mbulu: Maji Yake Hutoka Wapi?

Mvua inayojaza kisima kirefu hunyesha wapi?

Mlima Hanang, volkano iliyozimika yenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, hupata mvua na ukungu mwingi kuliko tambarare zinazouzunguka. Sehemu ya maji hayo hupenya kwenye majivu na nyufa za mwamba, kisha huteremka chini kwa chini kuelekea mji wa Katesh. Uwanda wa Mbulu una miamba migumu ya kale. Huko maji hukaa kwenye mwamba uliooza na katika mipasuko yake, na kwa kawaida hayasafiri mbali.

Maji ya mlimani hutambuliwaje?

Kwa isotopu, yaani atomi za elementi moja zenye uzito tofauti. Wingu linapopanda na kupoa, molekuli zenye oksijeni-18 na deutiriamu, ambazo ni nzito, hutangulia kudondoka. Kadiri mvua inavyonyesha juu zaidi ndivyo inavyokuwa na uhaba wa molekuli hizo, na alama hiyo hubaki ndani ya maji hata yakishazama ardhini. Ili kuisoma, mvua hukusanywa katika miinuko mbalimbali kwa msimu mzima. Sampuli za siku moja hupotosha, kwa kuwa kila mvua huja na alama yake.

Je, maziwa huvujia visimani?

Ziwa Balangida liko chini, kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, kwa hiyo maji ya ardhini ndiyo yanayolielekea. Palipo na shaka, kama karibu na Ziwa Basotu, mvukizo hutoa ushahidi: maji ya ziwa hubakiwa na molekuli nzito na kuuacha mstari wa maji ya mvua ulioelezwa na mwanasayansi Harmon Craig mwaka 1961.

Umri wa maji una maana gani?

Tritiamu, isotopu nyonzi ya hidrojeni, hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12.3; ikikutwa kisimani, sehemu ya maji ni ya miongo ya karibuni. Kwa maji ya kale hutumika kaboni-14, lakini kwenye miamba ya volkano ni lazima kuwa mwangalifu: kaboni dioksidi itokayo kina kirefu ardhini, isiyo na kaboni-14, huyafanya yaonekane ya kale kuliko yalivyo. Umri unahusu afya pia. Maji yanayokaa muda mrefu kwenye miamba hiyo huweza kukusanya floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na meno ya watoto huharibika.

Je, kila masika hujaza visima?

Hapana. Huko Makutapora, Dodoma, vipimo vya miaka 55 vilionyesha kwamba usawa wa maji ya ardhini hushuka miaka kadhaa mfululizo, kisha hupandishwa na misimu michache ya mvua kubwa mno.