Muwasho sehemu za siri za mwanaume: pima kwanza, krimu baadaye

Mwanaume akiwashwa sehemu za siri, mara nyingi hunyamaza, kisha hujipaka dawa yoyote iliyomo kabatini. Yote mawili humchelewesha kupona. Ndugu unayeishi Moseley au mtaa mwingine wa Birmingham, matibabu yako karibu, na mengi ni bure.

Soma dalili

- Wekundu, muwasho na utando mweupe chini ya govi: mara nyingi ni fangasi. Wakirudi tena na tena, omba upimwe kisukari.
- Wekundu wa kinenani na mapajani unaotanuka kwa duara lenye ukingo mkali: fangasi wa ngozi, wanaostawi kwenye joto na jasho.
- Ngozi kavu inayochoma baada ya kubadili sabuni, mafuta au kondomu: huenda ni mzio.
- Muwasho unaozidi usiku, na vipele hata katikati ya vidole: huenda ni upele. Watu wote wa nyumba hutibiwa siku moja.
- Malengelenge yanayopasuka na kuacha vidonda vinavyouma: huenda ni hepesi.
- Kidonda kisichouma: huenda ni kaswende. Kidonda hupotea chenyewe, lakini ugonjwa hubaki mwilini.
- Usaha, au maumivu ukikojoa: huenda ni kisonono au klamidia.

Dalili hizi hufanana, hivyo jicho pekee halitoshi. Waliotahiriwa nao wapimwe. Majaribio ya kitabibu yaliyofanywa Afrika, huko Kisumu, Rakai na Orange Farm, yalionyesha kuwa tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanaume kuambukizwa VVU na mwanamke, lakini haimkingi na kisonono.

Ufanye nini nyumbani

Osha kwa maji ya uvuguvugu kila siku, bila sabuni yenye manukato wala Dettol. Kama una govi, livute nyuma taratibu, osha, kausha, kisha lirudishe mbele. Vaa chupi ya pamba isiyobana.

Mfamasia anaweza kukuuzia krimu ya klotrimazoli kwa ajili ya fangasi. Kumbuka kwamba inaweza kudhoofisha kondomu za mpira. Jiepushe na krimu zenye steroidi ulizoletewa kutoka nchi yako ya asili: hupunguza muwasho huku fangasi wakienea. Antibiotiki zilizobaki za mtu mwingine usizimeze.

Uende wapi

Anza na duka la dawa la mtaani au daktari wako wa familia. Ukiona kidonda, malengelenge au usaha, nenda kliniki ya afya ya ngono. Ipo moja ya huduma iitwayo Umbrella pale Whittall Street, katikati ya jiji. Kutoka Moseley, basi namba 50 linaelekea huko. Angalia saa za kazi kabla hujaondoka.

Nchini Uingereza, vipimo na matibabu ya magonjwa ya zinaa hayalipiwi, hata na asiye na vibali vya ukaazi. Tangu Oktoba 2012, matibabu ya VVU nayo ni bure kwa wote. Kliniki hutunza siri, nawe unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili unapopanga miadi. Usimlazimishe mwanao akutafsirie. Usipojua pa kuanzia, piga simu ya ushauri wa afya, namba 111.

Usisubiri

Govi lililovutwa nyuma likakwama, au korodani kuuma ghafla kwa ukali, ni dharura: nenda hospitali mara moja. Kivimbe au kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa kionwe na daktari, kwani saratani ya uume ipo, na hutibika vizuri zaidi ikigunduliwa mapema.

Ukikutwa na ugonjwa wa zinaa, mwambie mwenzi wako naye apimwe, na msikutane kimwili hadi kliniki iwaruhusu. Ukimtibu mmoja ukamwacha mwingine, ugonjwa utarudi nyumbani kwenu.