SOMO: JE, MWIMBAJI ANAYETAFUTA FEDHA AMEMWACHA MUNGU?

Masomo: Nehemia 13:10-12, Yakobo 2:1-4



Mwezi uliopita kwaya yetu ya vijana ilipata mfadhili. Mfanyabiashara mmoja alikubali kulipa gharama zote za studio, kwa sharti moja: jina lake litajwe mara tatu ndani ya wimbo. Baadhi ya wazee walisema kwamba wimbo ukiingia sokoni, Roho ametoka. Vijana wakajibu kwa heshima: "Baba zetu, gitaa limebaki na nyuzi nne, na studio hailipwi kwa maombi." Tuliketi pamoja tukafungua Neno. Tulijifunza mambo matatu.

1. Malipo si dhambi.
Waimbaji wa hekalu waliishi kwa kazi yao. Siku za Nehemia watu waliacha kutoa, na waimbaji wakakimbilia mashambani ili wapate kula. Nehemia hakuwagombeza waimbaji, aliwagombeza wakuu. Tumkumbuke pia Mahalia Jackson wa Marekani. Wimbo aliourekodi mwaka 1947 uliuzwa nakala zaidi ya milioni moja. Alipata mali, lakini alikataa kuimba katika vilabu vya usiku. Soko lilimfuata, yeye hakubadili ujumbe ili kulifuata.

2. Hatari ni kuuza maneno.
Sisi tuliotoka Kongo tunaijua libanga: tajiri au mwanasiasa analipa, jina lake linatajwa katika wimbo. Mwaka 1984 hata Franco, bingwa wa gitaa, alitoa wimbo wa kampeni ya Mobutu, katika uchaguzi uliokuwa na mgombea mmoja tu. Yakobo anatuonya tusimpe kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu huku maskini akiambiwa asimame. Je, kumtaja tajiri katika wimbo wa sifa, na mjane aliyewapikia wanakwaya asitajwe, si jambo lile lile? Basi tujiulize: fedha hii inalipa jasho la mwimbaji, au inanunua kinywa chake?

3. Nasi washirika tuna deni.
Wimbo ukitoka, tunarushiana kwa simu bure, halafu tunashangaa mwimbaji akienda kwa tajiri. Tunawataka wawe watakatifu, lakini hatuulizi wamekula nini. Katika hili wazee tulikiri kosa letu mbele ya vijana.

Vijana walilikataa sharti, na mfadhili akaondoka. Hatutawaficha: fedha za studio bado hazijatimia. Lakini Nehemia alipokemea, watu walileta nafaka ghalani. Kuanzia Jumapili ijayo kikapu cha kwaya kitakuwa mlangoni. Mwenye shilingi alete shilingi. Mwenye bakuli la maharage alete maharage. Na wimbo ukitoka, tuununue.

Maswali ya kujadili nyumbani:
a) Kuna tofauti gani kati ya mshahara na rushwa katika huduma ya uimbaji?
b) Mtoto wako akiwa na kipaji cha kuimba, utamsaidiaje aishi kwa kipaji hicho bila kukiuza?
c) Familia yetu imewahi kumlipa mwimbaji?

Tuombe: Bwana, walinde waimbaji wetu na njaa, uwalinde pia na shibe inayofunga kinywa. Amina.