Kabla ya Kununua Samaki wa Oska, Pima Tangi Lako

Oska huuzwa akiwa mdogo kama kidole gumba, na hapo ndipo shida huanzia. Mnunuzi humtia kwenye bakuli la kioo sebuleni akidhani atabaki vivyo hivyo. Akilishwa vizuri, katika muda wa mwaka mmoja hukaribia sentimita 25, na mwishowe hupita 30. Huweza kuishi miaka 10 au zaidi. Mzazi anayemnunulia mtoto wa Gredi ya 4 samaki huyu ajue kwamba huenda mtoto akamaliza sekondari samaki akiwa bado yupo.

Asili ya oska ni bonde la mto Amazon, Amerika Kusini, ingawa ni wa jamii moja na ngege na fulu wa Ziwa Victoria, jamii ambayo wataalamu huiita siklidi.

Hesabu ya tangi ni rahisi. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000 upate lita. Tangi la 120 kwa 50 kwa 50 hubeba lita 300, na hilo linamtosha oska mmoja. Kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, maji peke yake ni kilo 300. Meza ya kahawa haitaweza mzigo huo.

Sisi wa Tabaka bila shaka tutataka kupamba kwa sopstoni. Ioshe mpaka vumbi liishe, na usitumie kinyago kilichopakwa rangi au nta. Oska hupenda kuchimbua mchanga na kusukuma vitu, kwa hivyo jiwe zito liwekwe kwanza, likae imara, ndipo mchanga umwagwe kulizunguka. Likiangushwa linaweza kupasua kioo.

Kinachoua wengi, hata hivyo, ni maji ambayo kwa macho ni safi kabisa. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa kitu kisicho na madhara makubwa, lakini huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha ndani ya kichujio. Mimi sikulijua hilo. Samaki wangu wawili wa kwanza hawakumaliza wiki. Washa kichujio mapema, na usikioshe kwa maji ya mfereji yenye klorini kwa kuwa yatawaua bakteria hao. Tumia maji uliyoyateka kutoka kwenye tangi lenyewe. Kila wiki badilisha robo ya maji.

Usiku wetu huku milimani ni wa baridi, naye oska anataka nyuzi 24 hadi 28. Hita na kipimajoto ni vya lazima. Stima ikipotea, funika tangi kwa blanketi na usimlishe hadi irudi. Chakula chake ni tembe za samaki, nyungunyungu na kamba. Nyama ya ng'ombe ina mafuta yasiyomfaa. Usimchanganye na samaki wadogo, atawameza.

Samaki akikuzidi, usimwachilie mtoni wala kwenye shimo la machimbo lililojaa maji ya mvua. Mto Gucha, ambao ukifika Migori huitwa Kuja, humwaga maji yake Ziwa Victoria. Huku juu huenda baridi ikamuua, lakini kule ziwani maji ni ya vuguvugu. Mbuta aliingizwa katika ziwa hilo miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewala fulu kiasi kwamba aina nyingi hazijaonekana tena. Mrudishe oska kwa aliyekuuzia, mpe mtu mwenye tangi kubwa, au umwone afisa wa uvuvi wa kaunti akushauri.