Gari Likiingia Maji, Usikimbilie Kontrol Boksi

Mdogo wangu wa Sanya Juu uliyeniandikia, pole kwanza. Unasema IST yako ilizimika korongoni katikati ya maji, ikavutwa, ikawaka baada ya siku mbili. Sasa taa ya injini, ya ABS na ya mfuko wa hewa zinawaka kwa pamoja, vioo vya milango vinagoma, na fundi anataka ununue kontrol boksi. Usinunue. Si wiki hii.

Masika yetu ya Machi hadi Mei ndivyo yalivyo. Mvua inanyesha juu mlimani, huku chini kwenye barabara ya Boma Ng'ombe ni kukavu, mara korongo linashuka limejaa. Maji hayo yamebeba udongo na chumvichumvi, kwa hiyo yanapitisha umeme vizuri. Betri ikiwa bado imefungwa, umeme hutambaa ndani ya soketi kutoka pini moja hadi nyingine, shaba ikalika na kuota kutu ya kijani. Ndiyo maana gari huwaka vizuri leo, vituko vikaanza wiki ya pili au ya tatu.

Nyie wengine ambao hayajawakuta, shikeni hili: gari likizimika majini, usijaribu kuliwasha tena. Maji yakiwa yameingia kwenye silinda, stata itakupindia koneksheni rodi. Fungua waya wa betri wa upande wa hasi, livutwe, plagi zifunguliwe na oili itazamwe. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwagwe. Na usilipeleke kwa waosha magari wakalipige injini kwa maji ya presha. Tope litaondoka, lakini maji yatasukumwa hadi ndani ya soketi ambazo zilikuwa kavu.

Turudi kwako. Mwombe fundi akuandikie kodi zote ambazo mashine imesoma, zote, si ile moja aliyokutajia. Zinazoanza na herufi U maana yake maboksi ya gari hayasikilizani. Zikiwa nyingi, za mifumo isiyohusiana, usimwamini anayetaka kubadilisha kifaa kimoja kimoja. Nyumba nzima ikiharisha usiku mmoja, unakagua chungu, hupimi tumbo la kila mtu. Kwenye gari chungu ni umeme unaoingia, waya wa ethi, na nyaya ambazo maboksi yanazitumia kuongea.

Ethi ndiyo ninayoishuku zaidi, na kuipima hakuhitaji mashine ya bei. Mita ya kawaida inatosha. Betri iliyojaa, gari limezimwa, isome kama volti 12.6. Kisha waya mmoja wa mita ugusishe kichwa cha hasi cha betri, wa pili chuma cha injini, halafu mtu apige stata. Isome volti 0.2 au chini yake. Ikifika 0.5, umeme unapotelea njiani: kuna kutu pale waya wa ethi ulipofungwa. Rudia kwenye bodi ya gari, taa zote zikiwa zimewashwa. Fungua bolti ya ethi, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza. Kazi ndogo, na mara nyingi nusu ya taa hizo huzimika hapo hapo.

Zikibaki, nenda kwenye zulia. Liinue. Sponji iliyo chini yake hutunza maji wiki nyingi, hasa msimu huu ambao jua la Sanya Juu halionekani, na nyaya nene zimepita humo humo. Toa viti, anika sponji, fungua soketi za pembeni mwa miguu na boksi la fyuzi chini ya dashibodi. Safisha kwa dawa ya kopo ya soketi, ile inayokauka yenyewe, kamwe si petroli. Kabla ya kugusa viti fungua betri, ngoja dakika kadhaa. Soketi za njano zilizo chini ya viti ni za mifuko ya hewa; usiziwekee mita kabisa.

Kama gari likilala betri inakufa, pima mkondo unaovuja baada ya gari kufungwa na kutulia nusu saa. Ukizidi miliampia 50, toa fyuzi moja moja mpaka mita ishuke.

Kontrol boksi nalo lifunguliwe, litazamwe kwa macho kabla ya kuhukumiwa. Ukikuta kutu ya kijani kwenye bodi yake, hapo fundi ana hoja, na mwambie hivyo kwa heshima. Ila la mtumba kutoka gari jingine linaweza kukataa ufunguo wako, kwa hiyo mkubaliane mapema nani atabeba hasara.

Suala la bima: ile ndogo haigusi gari lako mwenyewe. Kama una kubwa, piga picha alama ya tope mlangoni na waarifu watu wa bima leo, kabla zulia halijatolewa.