Kupigwa Msasa wa Usalama Ukiwa na Ndugu Ng'ambo ya Mpaka

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Lumino, Busia au Tororo nchini Uganda anayeomba kazi jeshini, polisi, katika ujasusi au ofisi yoyote inayowapiga msasa waombaji wake.

Kuwa na shangazi Funyula, upande wa Kenya, si kosa. Waingereza walipoihamisha Kanda ya Mashariki ya Uganda mwaka 1902 na kuitia katika eneo lililokuja kuitwa Kenya, Wasamia na Wateso walijikuta pande mbili. Katiba ya Uganda ya 1995 inawahesabu wote wawili miongoni mwa jamii zilizokuwamo nchini tarehe 1 Februari 1926. Afisa mwenye akili analijua hilo. Anachotafuta ni kama ndugu huyo anaweza kutumiwa kukushurutisha: anafanya kazi gani, nani anamtegemea mwenzake kwa pesa, mnawasiliana mara ngapi. Kaka anayevusha mafuta ya magendo atakuletea maswali mengi kuliko shangazi kumi wenye pasipoti za Kenya. Marekani nayo, kwa kanuni zinazotumika tangu 2017, hupima hatari inayotokana na jamaa wa nje, si uraia wao pekee.

Penye mtego hasa ni kitambulisho cha pili. Wengi mpakani wanacho kimoja cha NIRA, mamlaka ya vitambulisho ya Uganda, na kingine cha Kenya, kilichochukuliwa kwa ajili ya shule au kazi Nairobi, nao huita hali hiyo uraia pacha. Lakini uraia pacha una taratibu zake. Sheria ya Kenya ya 2011 inamtaka mwenye uraia huo kuutangaza ndani ya miezi mitatu, la sivyo faini hadi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Ibara ya 78 ya Katiba ya Kenya inawakataza wanajeshi kuwa na uraia wa nchi nyingine, isipokuwa aliyepewa na sheria ya nchi hiyo bila njia ya kuukataa. Uganda imeorodhesha vyeo visivyoshikwa na mwenye uraia pacha, kuanzia rais hadi kamanda wa batalioni.

Mtoto aliyezaliwa Lumino na mama Mkenya ni Mkenya wa kuzaliwa, hata kama hajawahi kuvuka Mto Sio. Huyu asikisie hali yake. Amwone wakili kabla ya kutia sahihi fomu ya maombi. Hata mahakama huitwa kuamua: Mwende Mwinzi, aliyeteuliwa balozi wa Kenya nchini Korea Kusini, alilazimika kwenda Mahakama Kuu mwaka 2019 kupinga sharti la kuukana uraia wa Marekani, na mahakama ikakubaliana naye.

Usimfiche ndugu. Barua yako ya kujiunga na jeshi la Uganda huanzia kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1), naye anajua mama yako aliolewa kutoka Nangina, Kenya. Usipoandika wewe, atasema yeye, na hapo swali halitakuwa tena juu ya mama.

Nafasi ya ndugu kwenye fomu huwa finyu kwa mtu wa nyumba ya wake watatu; ambatisha karatasi. Ukioa ng'ambo baada ya kuajiriwa, mjulishe mkuu wako kwa maandishi na ubaki na nakala. Jina la ndugu likiwa limeandikwa tofauti kwenye vitambulisho vya nchi hizi mbili, andika yote mawili.